Mstari Ulioliwa na Pasi

Ofisini walimwita Bwana Pasi, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake, kwa sababu hili alilipata kwa jasho lake. Alikuwa ameajiriwa katika kampuni ndogo ya kutengeneza programu za kompyuta, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Kilichomkera tangu mwanzo ni namna wenzake walivyoandika. Huyu anaacha nafasi tele mwanzoni mwa mstari, yule haachi hata moja, mwingine anarundika amri zake zote kwenye mstari mmoja utadhani kompyuta inakula mistari. Kusoma kazi ya mtu kulikuwa kama kutafuta soksi kwenye rundo la nguo zilizovuliwa kwa haraka.

Basi akaandika programu ya kunyoosha programu. Unaipa msimbo wako, yaani amri ulizoiandikia kompyuta, ulivyo, ovyoovyo, inakurudishia umepangwa: mistari imelingana, nafasi zimekaa sawa, mabano yamefungwa mahali pake. Akaiita Pasi.

"Pasi haibadilishi maana," alimwambia kila aliyemsikiliza. "Inabadilisha sura tu. Nguo ni ileile, mikunjo ndiyo inayoondoka."

Watu waliipenda. Mkurugenzi akaamuru kwamba hakuna kazi itakayohifadhiwa kabla haijapita kwenye Pasi. Bwana Pasi naye akaiweka mtandaoni bure, na watu wa nchi asizowahi kukanyaga wakaanza kuitumia na kumwandikia shukrani. Shukrani zile zilimpanda kichwani. Hakuwa mtu mbaya, la hasha. Alikuwa mtu wa kusalimia walinzi mlangoni na kumbebea jirani mtungi wa gesi mpaka juu. Lakini ukiigusa Pasi, umemgusa yeye.

Katika ofisi hiyo alikuwamo mama mmoja aliyewazidi wote umri. Kila mtu alimwita Shangazi, mkurugenzi akiwa mmojawapo. Ndiye aliyempokea Bwana Pasi siku za mwanzo, akamkalisha kwenye kiti cha pembeni yake na kumfundisha kazi. Kuna siku kijana huyo alifuta kwa bahati mbaya kazi ya Shangazi ya kutwa nzima. Akabaki ameduwaa, mikono juu ya meza kama aliyekamatwa. Shangazi akavuta kiti. "Hamna neno, mwanangu," akasema. "Hata hivyo sikuipenda sana. Tuandike upya, safari hii iwe nzuri."

Shangazi alikuwa na mtindo wake wa kuandika. Watengenezaji wa programu huachiana maelezo mafupi ndani ya msimbo, ya kusomwa na binadamu peke yao. Huweka mikwaju miwili, vile vistari vilivyoinama, mwanzoni, na kompyuta ikiona mikwaju hiyo huruka kila kitu mpaka mwisho wa mstari. Wengine waliandika maelezo ya maneno mawili matatu, basi. Shangazi aliandika kama anayezungumza na ndugu yake: "Wewe utakayefika hapa baada yangu, usiiguse amri hii, kuna mgonjwa anasubiri simu," kisha anaacha mkato ukining'inia, na amri yenyewe inafuata mstari wa chini, kana kwamba ndiyo inayomalizia sentensi. Vijana walimtania. Yeye alicheka nao, akaendelea na mikato yake.

Ikatokea kampuni ikapata kazi ya hospitali moja. Maabara ilitaka programu ambayo, majibu ya mgonjwa yakionyesha hatari, inamtumia ujumbe wa simu papo hapo arudi haraka. Shangazi akapewa sehemu hiyo. Aliifanya kwa utulivu wake, akaijaribu, ikapitishwa kwenye Pasi kama sheria ilivyotaka, ikapelekwa hospitalini.

Baada ya majuma kadhaa hospitali ikapiga simu, na haikupiga kwa salamu. Ujumbe haukuwa unafika kwa watu. Wagonjwa walikaa majumbani wakidhani kimya ni dalili njema. Mmoja wao, mama wa watoto, alikuja kulazwa akiwa hoi, na mumewe alisimama kaunta ya maabara akiuliza kwa nini hawakuambiwa.

Mkurugenzi akaitisha kikao. Msimbo wa Shangazi ukawekwa ukutani kwa projekta, na kosa likaonekana bila kutafutwa: amri ya kutuma ujumbe ilikuwa pale pale, lakini mbele yake imesimama mikwaju miwili. Kila mtengenezaji wa programu anaijua picha hiyo. Ukiwa kwenye majaribio na hutaki ujumbe uwaendee watu kweli, unaiwekea amri mikwaju, kompyuta inairuka. Wenyewe husema umeilaza. Ukimaliza unaiamsha. Na hakuna ambaye hajawahi kusahau kuiamsha.

"Sikuilaza," Shangazi alisema. "Nilijaribu kwa namba yangu mwenyewe. Ujumbe ulinifikia."

"Labda uliilaza baadaye," mkurugenzi akasema kwa upole.

"Sikumbuki kuilaza."

Hapo Bwana Pasi akadakia. "Sasa Shangazi, huko ndiko kusahau kwenyewe. Mtu akikumbuka, si atakuwa hajasahau?"

Watu wakacheka, kicheko cha kupunguza joto la chumba. Shangazi hakucheka. Aliangalia ukutani muda, kisha akauliza taratibu, "Na Pasi je? Haiwezi kuwa Pasi ndiyo iliyoweka?"

Swali lenyewe halikuwa na ubaya wowote. Lakini Bwana Pasi lilimchoma, mbele ya mkurugenzi, mbele ya vijana waliokuwa wakimwangalia kama mfano. Akajiegemeza kwenye kiti.

"Pasi bado kijana, Shangazi. Haijafikia umri wa kusahau."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata mkurugenzi alitabasamu, kisha akajifunika mdomo kwa kiganja kama anayekohoa. Shangazi alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa nguo yake, akaivaa tena.

"Basi nitakuwa nimesahau," akasema.

Siku chache baadaye aliomba mwenyewe ahamishiwe kwenye meza ya simu za wateja, pale karibu na mlango. Bwana Pasi alisikia na akaona ni jambo la busara. Kila mtu na uwezo wake, alijisemea, akarudi kwenye kazi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja akakuta ujumbe mtandaoni kutoka kwa mtu asiyemjua, mtumiaji wa Pasi wa nchi ya mbali aliyekuwa akiandika programu ya kupanga zamu za wazima moto. "Samahani kwa usumbufu," mtu huyo aliandika. "Huenda kosa ni langu. Lakini naona Pasi inalaza amri yangu." Akaambatisha mfano mdogo: maelezo, na chini yake amri fupi.

Bwana Pasi alikuwa ameshaanza kujibu. Vidole vilikuwa vimefika kwenye "hakikisha hukuilaza mwenyewe ukasahau," akaona afadhali kwanza aujaribu mfano, ili jibu lake liwe na uzito. Akaupitisha kwenye Pasi.

Amri ikatoka na mikwaju miwili mbele yake.

Akadhani amekosea kunakili. Akarudia. Ikatoka vilevile. Akaanza kupunguza kitu kimoja kimoja, mpaka akafika mwishoni mwa yale maelezo, kwenye mkato. Akaufuta. Amri ikapita salama. Akaurudisha. Amri ikalala.

Aliijua sababu kabla hajaifungua kazi yake. Zamani kidogo aliifundisha Pasi adabu mpya: mstari ukiishia na mkato, bado haujaisha, uvute wa chini yake uungane nao. Ilikuwa adabu nzuri kwa orodha ndefu. Lakini hakuifundisha kuuliza kwanza kama mkato huo umo kwenye amri au kwenye maelezo. Kwa hiyo Pasi iliivuta amri ikaiingiza ndani ya maelezo. Kisha, kwa kuona maelezo yamekuwa marefu, ikayakata tena vipande na kukiwekea kila kipande mikwaju, kama ilivyofunzwa. Amri ikatoka imelala, imenyooka vizuri, nadhifu kabisa.

Maelezo yanayoishia na mkato. Duniani alikuwa akimjua mtu mmoja tu anayeandika hivyo.

Lakini kulikuwa na mlinzi! Alilikumbuka hilo kama mtu anayezama anavyokumbuka ukingo. Tangu mwanzo aliweka ndani ya Pasi sehemu ya kulinganisha msimbo ulivyoingia na ulivyotoka, na maana ikibadilika hata kidogo, Pasi igome. Mlinzi huyo angepiga kelele. Akaenda mahali mlinzi anapoitwa. Amri ya kumwita ilikuwapo, na mbele yake mikwaju miwili, na kando yake maneno yake mwenyewe: "Kwa muda tu, nitairudisha." Ilikuwa kazi ya majira yale watu walipolalamika kwamba Pasi inakwenda polepole, kabla kabisa ya mambo ya hospitali.

Hakukumbuka kuilaza.

Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta, masikio yakiwaka moto. Kijana wa meza ya jirani akamuuliza kama amepata habari mbaya nyumbani. Akatikisa kichwa, akainamia kazi.

Kurekebisha hakukuwa kugumu, na hilo nalo lilimuumiza. Aliandika kwanza jaribio lenye ule mfano, akahakikisha linashindwa. Kisha akaifundisha Pasi kwamba maelezo huishia pale mstari wake unapoishia, yawe na mkato, nukta au chochote. Akamwamsha mlinzi. Akajaribu tena, amri ikapita wima. Hata chakula cha mchana kilikuwa hakijafika na kazi ilikuwa imekwisha.

Kilichobaki ni kuandika taarifa ya mabadiliko, ile watumiaji wote husoma. Aliandika, akafuta, akaandika. Mwishowe akaacha hivi: "Marekebisho madogo kuhusu maelezo yenye mkato." Akaituma. Mtu wa wazima moto akajibu upesi: "Ahsante sana! Waungwana kama wewe ni wachache." Bwana Pasi akaifunga kompyuta kwa haraka, kama anayefunga mlango asionwe na mtu anayemjua.

Wakati wa kutoka ilimbidi apite mezani kwa Shangazi. Alikuwa anaongea na mteja, kile kipaza sauti kidogo mdomoni, anaeleza kwa subira namna ya kubadilisha neno la siri. Akamwinulia mkono wa kwaheri. Bwana Pasi akainua wake, akashuka ngazi akiwa anatazama vidole vya viatu.

Nyumbani mkewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa mezani anakata karatasi za rangi kuwa samaki wa darasani. Hakuinua macho, lakini aliona.

"Una nini wewe?"

"Kazi tu."

"Kazi haijawahi kukunyima kula."

Akasogeza sahani. "Kuna mtu ofisini," akasema, "alilaumiwa bure. Leo imejulikana hakuwa na kosa."

"Masikini. Nani alimlaumu?"

"Ofisi."

Mkewe akaweka mkasi chini. "Ofisi ina mdomo?"

Mkewe akamngojea, kama anavyowangojea watoto wa darasa lake waliomwaga rangi. Na kidogo kidogo yakamtoka: mkato, mikwaju, mlinzi aliyelazwa. Utani ule wa umri aliuacha. Mkewe akamtazama, akauliza, "Na ulimwambia nini huyo mama, hasa?" Ndipo akausema, na kuusikia ukisemwa jikoni kwake, kati ya samaki wa karatasi, kulimfanya atamani ardhi ipasuke.

"Ulimwambia Shangazi?" mkewe akasema. "Yule aliyekuja na kapu la nguo tulipompata mtoto?"

"Ndiye."

Mkewe akachukua mkasi wake akaendelea kukata samaki.

Kesho yake, watu walipokwenda kula, Bwana Pasi akachukua kompyuta yake mkononi, akaenda kwenye meza ya mlangoni. Shangazi alikuwa peke yake, anamenya chungwa.

"Shangazi, nina neno."

"Kaa."

Hakukaa. Alihofia kwamba akikaa ataanza kuzunguka. "Ile amri ya hospitali hukuilaza. Ni Pasi. Hukusahau kitu."

Kisu kikasimama kwenye ganda. "Sema tena."

"Hukusahau, Shangazi."

"Nionyeshe."

Akafungua ile Pasi ya zamani, akaweka mstari wa maelezo wenye mkato na amri chini yake, akabonyeza. Mikwaju ikaota mbele ya amri. Shangazi akasogeza miwani.

"Rudia."

Akarudia.

"Tena."

Akamwonyesha tena na tena, na kila mara mama yule aliitazama amri ikilala kama mtu aliyeletewa maji baada ya safari. Mwisho akafuta mikono, akaegemea nyuma.

"Mama yangu alianza hivi hivi," akasema. "Aliunguza sufuria, akaapa hakuwasha jiko. Sasa mimi ananiita dada yake. Siku nyingine ananiita yule mama wa dukani, ananidai chenji." Akatabasamu kidogo, tabasamu likakatika. "Siku ile ya kikao niliporudi nyumbani nilikaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Nikasema, haya, zamu yangu imefika. Nikaenda kwa daktari, akanipima, akasema sina kitu. Nikaona ananihurumia. Nikitoka nyumbani napiga jiko picha kwa simu, nikifika kituoni niangalie kama nimezima. Mjukuu wangu nilikuwa naachiwa kila jioni. Nikamwambia binti yangu asiniachie tena, nisije nikamsahau kwenye beseni la maji."

Bwana Pasi alikuja na aibu ya mstari mmoja wa amri. Hakujua kwamba kilicholiwa ni kikubwa hivyo.

"Na huyo mlinzi wako?" Shangazi akauliza. Alikuwa akiifahamu kazi kuliko wengi. "Ulikuwa na mlinzi humo ndani. Alikuwa wapi?"

Angeweza kusema chochote. "Nilimlaza mimi," akasema. "Kwa muda. Nikasahau."

Shangazi akamkazia macho. Bwana Pasi alingoja acheke, na angeshukuru kama angecheka. Hakucheka.

"Hili umeniambia hapa mlangoni, mimi na wewe," akasema. "Lile lingine uliniambia mbele ya watu."

"Nitalisema mbele yao."

"Sijakuomba." Akachukua simu yake, akaenda kwenye varanda. Kupitia kioo Bwana Pasi alimwona akiongea, mkono mmoja kifuani, na alipopita karibu na dirisha akasikia maneno mawili tu: "Mlete mtoto."

Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akasikiliza, akashusha pumzi. "Imekwisharekebishwa, si ndiyo? Hospitali wametulia. Tukianza kufukua, mteja atasema chombo chetu ni kibovu. Mrudishe Shangazi kwenye kazi yake, mnunulie keki, yaishe."

"Mgonjwa alilazwa," Bwana Pasi akasema. "Na kule hospitali wanaamini ni Shangazi."

Mkurugenzi akazungusha kalamu. Baadaye akasema, "Jumatatu. Lakini utasema mwenyewe."

Jumatatu akasema. Chumba kilekile, projekta ileile, na sauti yake aliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili. Akaonyesha mkato, akaonyesha mlinzi aliyelala na maneno "nitairudisha." Kisha akajilazimisha kuurudia ule utani, neno kwa neno, bila kuupunguza makali. Hakuna aliyecheka. Kijana aliyekuwa amecheka kuliko wote siku ile alikuwa anasoma chapa iliyo kwenye kalamu yake. Shangazi alikaa mwisho wa meza na mikono mapajani. Bwana Pasi alipomwomba radhi mbele ya wote, aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea mzigo anaojua uzito wake.

Mkurugenzi akaiandikia hospitali. Bwana Pasi naye akaifuta ile taarifa ya "marekebisho madogo," akaandika nyingine: kwamba Pasi ilikuwa ikilaza amri za watu, kwamba mlinzi alizimwa na yeye mwenyewe, na kwamba mwenzake alimtahadharisha mapema naye akamdhihaki badala ya kuchunguza. Kumbe wasomaji wakaanza kumsifu kwa ukweli wake. Zilimiminika pongezi kutoka kila pembe, na kila moja aliisoma kama mtu anayevishwa shada kwenye msiba aliousababisha. Akaacha kuzisoma.

Shangazi alirudi kwenye kazi ya msimbo, ila si siku hiyo, wala si wiki hiyo. Alipokuwa tayari alitoa sharti moja: lolote litakaloongezwa kwenye Pasi, alione yeye kwanza. Bwana Pasi akakubali kabla Shangazi hajamaliza sentensi. Tangu hapo kazi zake zilirudi zimejaa maswali ya Shangazi, na mara nyingi maswali yalikuwa na haki. Vijana wapya walipoajiriwa na kuisifia Pasi mbele yake, alihisi shingo ikipata moto, akabadilisha mazungumzo.

"Mwanangu" Shangazi hakumwita tena. Alimwita kwa jina lake halisi, lile la wazazi, kwa adabu kamili, kama unavyomwita karani wa benki.

Asubuhi moja, wakiwa wawili peke yao, Bwana Pasi akashindwa kujizuia. "Shangazi, kwa yale niliyoyasema, kweli..."

"Usiniombe tena," Shangazi akamkatiza, bila ukali. "Kila ukiniomba unanirudisha kwenye kile kikao, na mimi nimeshatoka. Wewe ukitaka kubaki humo, baki, lakini usinivute mkono."

Shangazi akageuza kioo cha kompyuta kumwelekea, akaweka kidole kwenye mstari fulani wa kazi yake ya jana.

"Hapa je? Mtu akiacha mstari mtupu katikati, itafanya nini?"

Bwana Pasi aliutazama. Zamani angejibu papo hapo.

"Sijui," akasema, akavuta kiti wajaribu.